Kiangazi na Masika Hukopeshana: Somo la Chakula na Nguvu ya Mwili ya Kushindana na Maradhi

Wasomaji wetu wa mashambani, katika somo hili twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo kila mwenye nyumba amepata kuliona, ijapokuwa si kila mtu ameitafuta sababu yake. Jambo lenyewe ni hili: majira yanapogeuka, maradhi nayo hugeuka. Mvua za kwanza zikinyesha, watoto huanza kuhara, na malaria hufuata nyuma. Baridi ya mwezi wa Juni na Julai ikiingia, mafua na kikohozi huzunguka nyumba hata nyumba. Tena watu wawili wakaao kijiji kimoja, wakinywa maji ya kisima kimoja, hawaugui sawasawa. Mmoja hulala siku mbili akaondoka kwenda shambani kwake. Mwingine hulala wiki mbili, na pengine haondoki tena. Watoto wadogo ndio wanaoionyesha tofauti hii kuliko watu wote.

Wengine husema, "Ni hewa tu." Wengine husema, "Ni bahati ya mtu." Sisi hatukatai kwamba mvua huleta mbu na kuchafua visima, wala hatukatai kwamba baridi huwakusanya watu ndani ya nyumba zenye moshi, wakakoholeana. Lakini mvua ni ya wote na baridi ni ya wote. Sehemu kubwa ya tofauti hutoka katika akiba ambayo mwili umeingia nayo katika majira yale. Basi somo letu ni juu ya akiba hiyo: ni kitu gani, hupungua lini, na mtu wa shamba aiweke namna gani. Mifano yetu tumeitoa katika nchi kavu ya katikati ya Tanzania, yaani Dodoma na Singida, kwa kuwa huko majira ni mawili tu, masika na kiangazi, na jambo hili huonekana waziwazi. Msomaji wa mahali pengine aigeuze miezi ifuate mvua za kwao.

1. BOMA LA MWILI NA ASKARI WAKE

Mwili wa mtu umezungukwa na boma. Boma la nje ni ngozi. La ndani ni utando laini, wenye unyevu, uliotandaa ndani ya pua, koo, mapafu, tumbo na matumbo. Vijidudu vya maradhi huja kila siku kwa mikono, maji, chakula na pumzi, na vilivyo vingi huishia hapo penye boma. Vikipenya, hukutana na askari, nao ni chembe nyeupe za damu, ambazo nyingi hutengenezwa ndani ya uboho wa mifupa. Askari hawa huvila vijidudu, na wengine hutengeneza silaha ziitwazo kingamwili, ambazo humshika adui wa namna moja tu. Wapo pia wanaomkumbuka adui aliyekwisha kuja mara moja. Na kazi ya chanjo ni kuwafundisha hao kabla vita havijafika.

Basi tufikiri kidogo. Askari hawa hawatengenezwi kwa hewa. Maradhi yanapoingia, mwili hutakiwa kufanya askari wapya wengi mno kwa siku chache, na kuziba utando uliotoboka, na kuchoma kuni nyingi kwa ajili ya homa. Vitu vyote vya kazi hiyo hutoka katika chakula. Fundi aliyeitwa usiku kutengeneza ukuta ulioanguka hawezi kufanya kazi kama hana mawe wala udongo, hata akiwa hodari namna gani. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani husema kwamba karibu nusu ya vifo vya watoto walio chini ya miaka 5 duniani vina uhusiano na upungufu wa chakula. Watoto hao si kwamba wote wamekufa kwa njaa. Wengi wao wamekufa kwa kuhara, kwa kichomi, kwa surua na kwa malaria, lakini waliingia vitani bila kitu.

2. AKIBA YA MWILINI

Vitu ambavyo askari wa mwili huvihitaji ni vingi, lakini vitano yafaa kila mtu avijue: protini, vitamini A, vitamini C, madini ya chuma na madini ya zinki. Tena si kuvijua majina tu. Yatupasa kujua kipi mwili huweza kukiweka akiba, na kipi hauwezi, kwa maana hapo ndipo lilipo fumbo la majira.

Vitamini A huuweka utando wa boma la ndani uwe mzima, na kuyapa macho nguvu ya kuona jioni. Hupatikana katika maini, mayai, maziwa na samaki. Na katika majani ya kijani, karoti, maboga, maembe, mapapai na viazi vitamu vya rangi ya chungwa, ambavyo watu huviita viazi lishe, imo rangi ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Ini huiweka akiba yake kwa muda wa miezi. Aliyekula vizuri katika miezi ya neema aweza kuvuka miezi ya upungufu; asiyekula, ini lake ni kama ghala tupu.

Vitamini C nayo mwili hauiweki sana. Akiba yake huisha kwa muda wa mwezi 1 hata miezi 3. Jambo hili mabaharia wa zamani walilijua kwa uchungu. Walitweka wakiwa na afya, na baada ya miezi kadhaa baharini bila matunda wala mboga, ufizi ukavimba, meno yakalegea na vidonda vya zamani vikafunguka tena. Mwaka 1747 mganga wa jeshi la maji la Uingereza, James Lind, aliwatwaa wagonjwa 12 katika merikebu, akawagawa wawili wawili, kila wawili dawa yao. Wale waliopewa machungwa na malimau walipona upesi kuliko wenzao wote. Hata hivyo serikali yao haikuagiza maji ya malimau yatolewe katika merikebu za vita mpaka mwaka 1795. Hakuna aliyeugua siku ya kwanza ya safari; waliugua akiba ya mwilini ilipokwisha.

Chuma hutengeneza damu na huwasaidia askari kufanya kazi. Hupatikana katika nyama, maini, dagaa, maharage, kunde na majani ya kijani. Mwili huweza kukiweka akiba kiasi. Zinki huwafanya askari wakue na utando ujizibe. Imo katika nyama, dagaa, karanga, kunde na mbegu za maboga. Lakini zinki haina ghala mwilini. Yataka kuletwa mara kwa mara. Kadhalika protini, ambayo ndiyo udongo wenyewe wa ukuta, mwili hauna ghala lake. Ikikosekana katika chakula, mwili huanza kula misuli yake mwenyewe.

Nguvu ya mambo haya imepimwa kwa watu, si maneno ya vitabuni tu. Katika Aceh, nchi ya Indonesia, Dk. Alfred Sommer na wenzake waliwapa matone ya vitamini A watoto wa baadhi ya vijiji katika vijiji 450 vyenye watoto zaidi ya 25,000. Habari walizozitoa mwaka 1986 zilionyesha kwamba vifo vya watoto waliopewa vilipungua kwa theluthi 1 hivi kuliko vya wale ambao walikuwa bado hawajapewa. Mwaka 1987 zilitolewa habari za Tanzania hapa hapa, za watoto 180 waliolazwa hospitalini kwa surua. Katika watoto 92 waliopewa dawa za kawaida tu, walikufa 12. Katika watoto 88 walioongezewa vitamini A, walikufa 6. Hospitali ilikuwa ileile na maradhi yalikuwa yaleyale. Tofauti ilikuwa kwamba hawa wa pili walijaziwa ghala lililokuwa tupu.

3. KILA MAJIRA YANA UPUNGUFU WAKE

Sasa tuitazame nchi yetu ya mfano. Mvua huanza kwa kawaida mwezi wa Desemba na kwisha mwezi wa Aprili. Mavuno ni mwezi wa Mei na Juni. Kuanzia hapo hata Novemba ni ukavu mtupu.

Watu wengi hudhani kwamba miezi ya taabu ni mmoja mrefu tu, yaani ule wakati wa njaa kabla ya mavuno. Si hivyo. Upungufu ni wa namna mbili, na kila majira yana wake.

Kiangazi kina nafaka, lakini hakina mboga. Ghala limejaa mtama, uwele au mahindi. Watu wanashiba, harusi zinafanyika. Lakini majani yamekauka, na kuanzia Agosti watu wengi hula ugali kwa kitoweo kidogo kisicho na rangi ya kijani wala ya manjano. Tumbo limejaa huku ghala la vitamini A ndani ya ini likipungua kidogo kidogo. Hakuna anayeona, kwa kuwa hakuna anayelia njaa.

Masika yana mboga, lakini hayana nafaka wala nafasi. Majuma machache baada ya mvua ya kwanza, mchicha wa porini, mlenda na majani ya kunde huota kila mahali. Lakini ghala sasa limepungua, kunde na karanga zimekwenda katika mbegu, na mama yuko shambani tangu alfajiri, akirudi jioni amechoka. Mtoto hula mara moja, pengine mara mbili. Na katika miezi hiyo hiyo mbu wanazaliana, mito inachukua uchafu na kuutia visimani, na nzi ni wengi. Adui huja na jeshi kubwa wakati ule ule askari wetu wamepunguziwa posho.

Basi maana ya kichwa cha somo letu ni hii: kila majira yana kitu ambacho mwenzake hana. Kwa hiyo yatupasa kuyafanya yakopeshane. Masika yakikopeshe kiangazi mboga. Na kiangazi kiyakopeshe masika nafaka, kunde na matunda makavu. Deni lisipolipwa, wanaolipa ni watoto.

4. MASIKA YAKIKOPESHE KIANGAZI

Wazee wa nchi kavu wamejua kukausha mboga tangu zamani. Mlenda mkavu na majani makavu ya kunde si chakula cha aibu, ingawa vijana wengine wa siku hizi hukiona kuwa cha kimaskini. Ni elimu ya wazee, nasi twataka kuongeza machache tu ili mboga ikauke bila kupoteza faida yake.

Chuma majani machanga asubuhi, miezi ya Februari hata Aprili, kabla hayajakomaa. Yaoshe kwa maji safi, utoe vikonyo vigumu. Yachovye katika maji yanayochemka yenye chumvi kidogo kwa dakika 2 au 3, uyatoe upesi. Kisha yatandaze juu ya ungo au kichanja kilichoinuka, MAHALI PENYE KIVULI na upepo, ukayafunike kitambaa chepesi kuzuia nzi na vumbi. Yageuze mara kwa mara. Yakikatika mkononi kama karatasi kavu, yamekuwa tayari.

Twasema kivulini kwa sababu maalumu. Jua kali likiyapiga majani moja kwa moja huiharibu ile rangi iletayo vitamini A. Methali yetu husema, mchumia juani hulia kivulini; katika kazi hii, anayechuma juani akaushe kivulini pia. Baada ya kukauka, yaweke katika chungu au kopo lenye kifuniko, mahali pasipo mwanga wala unyevu.

Msomaji ajue pia kwamba kilo 10 za majani mabichi hutoa kilo 1 hivi ya makavu. Kwa hiyo kikapu kimoja hakitoshi. Tufanye hesabu: nyumba ipikayo mboga kavu mara 4 kwa wiki, kuanzia Agosti hata mwisho wa Novemba, itapika mara 70 hivi. Basi mwenye nyumba agawe mboga yake katika vifurushi 70, kila kifurushi chungu kimoja. Akiona mwezi wa Septemba vimebaki 20, atajua mapema kwamba amekula haraka.

Wakati wa kupika, tia karanga zilizotwangwa au mafuta kidogo. Hili si la utamu tu. Ile rangi ya majani haiingii vema mwilini isipokuwa pamoja na mafuta. Mboga iliyochemshwa kwa maji matupu hutoa sehemu ndogo tu ya faida yake.

5. KIANGAZI KIYAKOPESHE MASIKA

Deni hili la pili ni gumu zaidi, kwa kuwa ndani yake kuna fedha. Mwezi wa Juni na Julai wanunuzi huja na magari, na bei huwa ndogo kwa kuwa kila mtu anauza. Baba huuza magunia kwa ajili ya bati, baiskeli au ada ya shule. Mwezi wa Februari hununua nafaka ile ile kwa bei kubwa, au hukosa. Hatusemi kwamba mtu asiuze. Twasema ahesabu kwanza, tena ahesabu pamoja na mkewe, kwa maana mwenye kupima unga kila jioni ndiye ajuaye chungu cha nyumba ile.

Hesabu ni hii. Chukua nyumba ya watu 6 inayotumia debe 1 la nafaka kwa siku 6. Tangu tarehe 1 Juni hata mwisho wa Mei ni siku 365. Gawa 365 kwa 6, utapata debe 61 hivi. Debe 6 ni gunia 1. Basi nyumba hiyo yahitaji gunia 10 na debe 1. Akivuna gunia 14, aweza kuuza 3 bila hofu, na debe 5 zinazobaki akaziweka kwa wageni na misiba. Akivuna 9, kila gunia analouza ameliuza toka kinywani mwa watoto wake wa mwezi wa Februari.

Usisahau kitoweo. Nusu kilo ya kunde, maharage, choroko au karanga kwa siku, kwa siku 120 hivi za Desemba hata Machi, ni kilo 60 hivi, yaani pungufu ya gunia moja. Gunia hilo liwekwe mbali na mbegu, lisiguswe kabla ya mvua. Dagaa wakavu waweza kununuliwa kiangazi na kuwekwa pamoja nalo. Na kuku je? Mara nyingi mayai yote huuzwa dukani, na fedha yake hununua soda na sukari. Mtoto huyo amebadilishiwa protini na vitamini kwa maji matamu. Katika kila mayai matatu, moja libaki nyumbani.

Tena uko ubuyu, ambao Mwenyezi Mungu ameupanda bila jembe letu. Matunda yake huiva kiangazi, nao unga wake hukaa mkavu ndani ya ganda. Kwa uzito ule ule, unga wa ubuyu una vitamini C mara kadhaa kuliko chungwa. Nayo ndiyo vitamini ambayo mboga kavu imeipoteza, kwa kuwa kukausha na kuchemsha huiondoa sana. Basi mboga kavu na ubuyu ni ndugu wawili: mmoja anatoa alichokosa mwenzake. Ukoroge unga wake ndani ya uji uliokwisha kupoa kidogo, wala usiuchemshe, maana moto huiua vitamini C. Faida yake nyingine ni kwamba vitamini C husaidia chuma cha kunde na cha majani kuingia mwilini. Chai, kwa upande wake, hukizuia. Kwa hiyo chai isinywewe pamoja na chakula, bali saa moja kabla au baadaye.

Hapa pana onyo. Akiba iliyoota ukungu si akiba, ni sumu. Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu wapatao 20 walikufa kwa sumu ya ukungu, iitwayo aflatoksini, iliyokuwa katika chakula chao. Na mahindi ndiyo yaliyoshukiwa kwanza. Sumu hiyo haionekani kwa macho siku zote, wala haiondoki kwa kupikwa. Kwa hiyo usianike nafaka wala karanga juu ya udongo mtupu. Tandaza turubai au jamvi. Zikauke kabisa kabla ya kutiwa gunia. Magunia yawekwe juu ya vichanja, mbali na ukuta. Punje zilizobadilika rangi, zilizonyauka au zilizotobolewa na wadudu zitupwe, zisipewe watoto, wala zisipewe kuku. Desturi ya kuuza nzuri na kula mbovu nyumbani yatupasa kuiacha.

6. MTOTO MDOGO NA MGONJWA

Mtoto aliye chini ya miezi 6 chakula chake ni maziwa ya mama peke yake, hata maji hayahitaji. Ndani ya maziwa hayo mama humpa mtoto kingamwili zake mwenyewe, ambazo hakuna duka linaloziuza. Baada ya miezi 6 aongezewe chakula, huku akiendelea kunyonya hata miaka 2 na zaidi. Uji wa unga mtupu hujaza tumbo dogo upesi na kulipa kidogo. Basi utiwe karanga zilizosagwa, au yai, au dagaa waliotwangwa, au maziwa. Mama aendaye shambani mapema amwachie mlezi uji huo katika chombo safi chenye kifuniko, ili mtoto asingoje jioni.

Uji uliochachushwa kwa kimea cha ulezi, ambao wengi huuita togwa, una faida mbili. Kuchacha kwake hufungua chuma na zinki zilizofungwa ndani ya nafaka. Na uchachu wake huvizuia vijidudu vingi kuzaliana. Wataalamu waliochunguza jambo hili katika Tanzania walionyesha, katika habari zilizotolewa mwaka 1994, kwamba watoto waliopewa uji uliochachushwa waliharisha mara chache kuliko wenzao. Lakini maji yake yawe ya kuchemshwa na chombo kiwe safi.

Mtoto akiugua, desturi ya kumnyima chakula "ili tumbo lipumzike" ni desturi mbaya. Ugonjwa hula akiba. Nawe ukimnyima, umewasaidia maadui. Apewe kidogo kidogo mara nyingi, na akipona aongezewe mlo mmoja kwa siku kwa majuma mawili. Anayehara apelekwe zahanati apewe maji ya chumvi na sukari yaliyopimwa na vidonge vya zinki, ambavyo tangu mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF wameagiza vitolewe kwa siku 10 hata 14. Avimalize hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu. Kadhalika matone ya vitamini A hutolewa mara 2 kwa mwaka kwa watoto wa miezi 6 hata miaka 5, siku hizo zikitangazwa, usiseme, "Mtoto wangu ni mzima." Lakini matone na vidonge hivi vitolewe na wauguzi tu. Vitamini A ikizidi hudhuru, hasa kwa mama mjamzito.

7. JUU YA DAWA ZA HARAKA

Msomaji mmoja aweza kuuliza, "Je, tangawizi, malimau na vitunguu saumu havitoshi?" Swali hili lilikuwa katika vinywa vya wengi mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofika. Jibu letu ni hili. Vinywaji hivyo ni vizuri. Hulainisha koo, na limau lina vitamini C. Lakini hakuna kinywaji cha siku moja kinachojenga boma lililobomoka kwa miezi mitano. Hata vitamini C yenyewe, imeonekana kwamba kwa watu wa kawaida haizuii mafua yasiwapate. Anayekuuzia chupa na kukuambia kwamba itaongeza kinga ya mwili kwa siku tatu, mwulize kwanza kama ina kunde na mayai ndani yake.

Wala chakula hakichukui mahali pa mambo mengine. Aliyeshiba vizuri akilala bila chandarua ataumwa na mbu. Akinywa maji machafu atahara. Asiyechanjwa surua yaweza kumpata. Chakula huwapa askari posho, lakini hakifungi mlango wa boma. Milango tuifunge sisi kwa chandarua, choo, sabuni, maji ya kuchemshwa na chanjo.

8. MASWALI YA KUJIULIZA NYUMBANI

Kwanza: Nyumba yangu hutumia debe moja kwa siku ngapi, na ghala langu litafika mwezi gani?
Pili: Ni nani aliyekaa katika shauri la kuuza magunia, na je, mama wa nyumba alikuwapo?
Tatu: Mboga yetu kavu ni ya vyungu vingapi, na ilianikwa juani au kivulini?
Nne: Kunde na karanga za miezi ya mvua zimewekwa wapi, mbali na mbegu?
Tano: Watoto walikula yai mara ya mwisho lini?
Sita: Kadi ya kliniki ya mtoto yasema nini juu ya chanjo na matone yake?

Asiyeweza kuyajibu maswali haya mwezi wa Julai, mwezi wa Februari utamjibia. Nawe msomaji, ukimaliza somo hili, usilikunje ukaliweka. Msomee jirani asiyejua kusoma, hasa yule ambaye wanunuzi wa nafaka wamekwisha kufika mlangoni pake.